Kukata Bima ya Maisha Wakati Janga Limeshapiga Hodi

Machi 13, 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya, mimi nilikuwa na miaka kadhaa katika uwakala wa bima hapa Mombasa. Wakala wa bima huzoea kuona migongo ya watu. Ukimwamkia rafiki barabarani, ghafla anakumbuka ana simu ya kupokea. Kufikia mwisho wa mwezi ule, kafyu ikiwa imeanza, walionikwepa wakaanza kunitafuta wenyewe: "Ndugu yangu, ile karatasi yako bado unayo?"

Karatasi nilikuwa nayo, ila haikuwa ile ile. Kampuni ilikuwa imeibandikia ukurasa wa pili wa maswali: umesafiri wapi, umekaa na mgonjwa, unakohoa, una homa, umewahi kupimwa na majibu yalikuwaje. Tangu hapo nimeuona ukurasa wa aina hiyo ukija na kuondoka. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya korona Mei 5, 2023, na mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye, Agosti 14, 2024, likatangaza dharura nyingine ya mpox. Katika miaka hiyo Uganda ilipambana na Ebola, na Kagera nchini Tanzania ikapata Marburg. Kwa hiyo haya ninayoandika si hadithi za 2020. Yatakufaa tena.

Jambo moja lishike tangu mwanzo, maana hatua zote zinazofuata zinalizunguka. Fomu ya bima husomwa mara mbili. Mara ya kwanza ni unapoomba, na husomwa haraka. Mara ya pili ni ukishakufa, na hapo husomwa polepole, faili la hospitali likiwa kando yake, na mtu ambaye kazi yake ni kulinganisha. Wewe hutakuwepo kujieleza. Jaza kwa ajili ya msomaji huyo wa pili.

Hatua ya 1: Kagua ulichonacho kabla ya kununua kingine

Watu wengi wana bima ya maisha na hawajui. Kama umeajiriwa, muulize mtu wa rasilimali watu kama kuna bima ya pamoja ya wafanyakazi, na inalipa mishahara ya miaka mingapi. Kama una mkopo wa Sacco au benki, karibu kila mara kuna bima inayofuta deni ukifariki. Chama cha mtaa au cha msikitini kinaweza kuwa na bima ya mazishi. Andika zote kwenye ukurasa mmoja, na mbele ya kila moja kiasi itakacholipa na jina la atakayelipwa.

Usichanganye na bima ya matibabu. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inahusu kutibiwa. Haiachii watoto karo. Mkanganyiko huu ulileta hofu kubwa 2020, kwa sababu bima nyingi za matibabu zilikuwa na kifungu kinachotenga magonjwa ya mlipuko, na watu wakadhani bima za maisha nazo ni hivyo hivyo. Bima za maisha za mtu binafsi kwa kawaida hazikuwa na kifungu hicho.

Ukigundua una bima ya zamani uliyoisahau, ishike kama mboni ya jicho. Mkataba wa mtu binafsi uliokatwa kabla ya janga unafuata masharti ya siku ulipokatwa, na kampuni haiwezi kuamka asubuhi ikauongezea kifungu. Bima ya pamoja ya kazini ni tofauti: hiyo huhuishwa kila mwaka, na masharti yanaweza kubadilika kila mwaka. Na siku ukiacha kazi, inabaki kazini.

Hatari kubwa ya bima ya zamani ni kuiacha ife. Hapa Pwani hoteli zilifungwa, watu wakarudi nyumbani bila mshahara, na malipo ya kwanza kukatwa yalikuwa ya bima. Kwa kawaida kampuni hukupa siku 30 za kuchelewa. Zikipita, bima inakatika, na kuifufua kunahitaji ujaze upya maelezo ya afya, sasa yakiwa na ule ukurasa wa pili. Yaani umetoka kwenye masharti ya kabla ya janga ukaingia kwenye ya ndani ya janga, kwa ajili ya malipo ya mwezi mmoja au miwili. Ukibanwa, nenda kwa kampuni kabla ya siku 30 kwisha uulize mambo haya: naweza kupunguza kiasi cha bima ili malipo yashuke? Kama ni bima ya akiba yenye miaka mitatu au zaidi, naweza kusimamisha malipo na bima ikabaki hai kwa kiasi kidogo? Naweza kukopa kutoka kwenye akiba yangu nilipie? Uliza kwa barua pepe, ujibiwe kwa barua pepe.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kiasi

Wakala mvivu atakuuliza, "Unaweza kutoa ngapi kwa mwezi?" na kuanzia hapo. Anza upande wa pili: wakibaki bila mimi, watahitaji ngapi?

Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye watoto wawili. Nyumba inakula shilingi 35,000 kwa mwezi. Anataka wapate nafasi ya miaka mitano ya kujipanga: hiyo ni 2,100,000. Deni la Sacco ni 180,000, lakini lina bima yake, kwa hiyo anaweka sufuri. Karo ya mtoto aliye sekondari kwa miaka mitatu iliyobaki, 55,000 kila mwaka, ni 165,000. Mazishi, 150,000. Jumla 2,415,000. Toa bima ya pamoja ya kazini, tuseme 1,200,000. Pengo ni 1,215,000.

Hicho ndicho cha kwenda kuulizia bei. Si milioni tano za kujisifia, wala laki mbili alizozitaja wakala kwa sababu fomu yake haidai kipimo. Na kama mshahara wa mwenzako nao unaendesha nyumba, mpigie hesabu yake pia. Nimeona familia nyingi baba amekatiwa bima na mama hana, ilhali kibanda cha mama ndicho kinacholisha.

Hatua ya 3: Chagua aina

Kuna bima ya muda, inayolinda miaka kumi au ishirini na ikiisha hujafa hupati kitu. Kuna bima ya akiba, ikiwemo ile ya elimu ya watoto, ambayo hulipa ukifa na hulipa pia ukifika mwisho wa mkataba. Kuna ya maisha yote. Na kuna ya mazishi, ndogo, hulipa upesi, na mara nyingi huwabeba hata wazazi wako na wa mwenzako.

Wakala atakupeleka kwenye ya akiba, akikukumbusha kwamba akiba haiozi. Haiozi kweli, lakini ukitaka kuitoa kabla ya miaka mitatu, kwa kawaida hurudishiwi kitu, na ukivunja mkataba baada ya hapo unapata chini ya ulichoweka. Wakati wa janga, kipato kikiwa hakieleweki, mimi humshauri mtu mwenye watoto wadogo achukue bima ya muda. Kwa malipo yale yale inakupa ulinzi mkubwa zaidi kwa mbali. Kuweka akiba, Sacco inatosha. Najua naharibu kamisheni ya watu kwa kusema hivi.

Muislamu anayeona uzito na bima ya kawaida aulizie takaful ya familia. Michango huwekwa kwenye mfuko wa pamoja, na anayefiwa husaidiwa kutoka humo. Maswali ya afya, hata hivyo, ni yale yale.

Kwa mlipa kodi wa Kenya, kuna nafuu ya asilimia 15 ya malipo ya bima ya maisha, isiyozidi shilingi 5,000 kwa mwezi. Ukilipa 4,000 kwa mwezi, unapunguziwa kodi ya 600. Bima ya elimu lazima iwe ya miaka kumi au zaidi ndipo uipate. Omba cheti cha bima mapema umpe mhasibu wa kazini, la sivyo pesa hizo zinapita hivi hivi.

Hatua ya 4: Hakikisha kampuni, wakala na njia ya kulipa

Fungua tovuti ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, uangalie kama kampuni iko kwenye orodha ya mwaka huu, na kama wakala ana leseni. Tanzania mdhibiti ni TIRA. Usiulize tu, "Una leseni?" Muombe akuonyeshe.

Malipo yaende kwenye Paybill ya kampuni, jina la kampuni likitokea kwenye ujumbe wa M-Pesa, au yakatwe mshaharani. Wakati wa kafyu, biashara yote ikifanyika kwenye simu, wajanja walifurahi sana. Wakala akikwambia, "Nitumie kwa namba yangu, nitakulipia, mtandao wa kampuni uko chini," mwambie mtandao ukirudi utalipa mwenyewe. Hata kama ni mtoto wa shangazi yako. Hasa kama ni mtoto wa shangazi yako, kwa sababu hutakuwa na ubavu wa kumdai.

Hatua ya 5: Tafuta ukurasa wa yasiyolipwa

Kabla ya kutia saini, omba nakala ya mkataba wenyewe, si kile kijitabu cha rangi chenye picha ya familia inayocheka. Soma sehemu ya mambo yasiyolipwa. Kwa kawaida utakuta kujiua katika mwaka wa kwanza au miaka miwili ya mwanzo, vita, na kushiriki uhalifu. Unachotafuta wewe ni maneno kama "ugonjwa wa mlipuko", "janga lililotangazwa", au jina la ugonjwa uliopo.

Tafuta pia kipindi cha kusubiri. Bima ya mazishi, kwa mfano, huanza kulipa kifo cha ajali siku ile ile, lakini kifo cha ugonjwa hungoja mwezi mmoja, miwili, au mitatu. Wakati wa janga kipindi hiki ndicho kampuni huongeza kimya kimya kwa wateja wapya.

Kisha tuma swali moja kwa maandishi: "Nikifariki kwa ugonjwa huu baada ya bima kuanza, mtalipa kiasi chote? Kuanzia tarehe gani?" Jibu la mdomo la wakala halina thamani mbele ya mkataba. Liweke jibu la kampuni pamoja na hati.

Mwaka 2021 ulizunguka uvumi duniani, na hapa kwetu ukafika kwa WhatsApp, kwamba aliyechanjwa korona akifa bima hailipi. Ulikuwa uongo. Lakini nilipoteza siku nzima nikiwajibu wateja waliokuwa tayari kuacha bima ya miaka tisa kwa sababu ya sauti ya dakika mbili iliyorekodiwa na mtu asiyejulikana.

Hatua ya 6: Jaza fomu

Hapa twende taratibu.

Mama mmoja anayeuza mbaazi na mahamri Majengo aliniita 2020, biashara yake ikiwa imeshuka kwa sababu ya kafyu. Tulikaa kwenye benchi lake, barakoa kidevuni, fomu juu ya goti langu. Tukafika kwenye swali la shinikizo la damu.

"Presha? Hiyo ni ndogo tu, mwanangu. Nameza tembe moja asubuhi basi."

"Tuiandike, mama."

Kijana wake, aliyekuwa akiosha sufuria, akadakia: "Usiiandike, mama. Watakupandishia bei, ama wakukatae."

Mama akaniangalia. Nami, sitaficha, nilihitaji kamisheni ile kuliko alivyohitaji yeye bima. Sikuwa nimeuza kitu wiki tatu. Akafungua pindo la leso, akatoa pakiti ya dawa iliyokunjwa mara nne. Amlodipine, miligramu 5. Nikaandika jina la dawa, kipimo, mwaka alioanza, na jina la zahanati. Kampuni ikamuongezea malipo kidogo, ikamkubali.

Mwaka huo huo niliona faili jingine, la mwanamume aliyekufa kwa korona. Fomu yake ilijazwa na wakala mwenzangu, na kwenye presha palikuwa na alama ya "hapana". Mjane alipoleta karatasi za hospitali, mstari wa kwanza wa daktari ulisema mgonjwa ana presha ya miaka minane. Barua ya kampuni ilikuwa na aya tatu, na neno "pole" lilikuwa kwenye ya kwanza. Korona yenyewe wangeilipa. Presha iliyofichwa ndiyo iliyozuia.

Kwa hiyo: kaa na pakiti za dawa zako mezani. Kadi za kliniki pia, na majibu ya vipimo. Jaza kwa mkono wako au usomewe kila swali kabla ya jibu kuandikwa. Wakala akisema "hiyo si muhimu", iandike. Usitie saini fomu tupu kwa ahadi kwamba "nitakujazia ofisini". Wahenga walikataza kuandikia mate na wino ungalipo. Wakala wengine wana wino, ila wanaandika yao.

Kwenye maswali ya ugonjwa wa janga, tarehe ndizo muhimu. Andika siku dalili zilipoanza, siku ya kipimo, kama ulilazwa, kama uliwekewa oksijeni, na siku uliyopata nafuu. "Nilipata korona kidogo mwaka jana" si jibu. Kama ulijitibu nyumbani kwa mvuke na tangawizi bila kupimwa, sema hivyo hivyo. Kama unafanya kazi hospitalini, mochwari, uwanja wa ndege au mpakani, eleza kazi yenyewe, si "mfanyakazi wa serikali" tu.

Tumbaku ni pamoja na sigara, ugoro, na shisha. Shisha ilipigwa marufuku Kenya Desemba 2017, lakini mapafu hayasomi gazeti la serikali.

Kuhusu virusi vya Ukimwi, ujue haki yako. Sheria ya Kenya ya 2006 ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi inaitaka kila kampuni ya bima iweke kiwango cha bima ambacho chini yake mwombaji halazimishwi kutaja hali yake. Juu ya kiwango hicho anaweza kutakiwa kupimwa. Uliza kiwango cha kampuni hiyo ni kipi kabla ya kuamua unachukua bima ya kiasi gani. Sheria hiyo ilitokana na janga jingine, lile la kizazi chetu, na makampuni yaliyokuwa yakiwakimbia watu wenye virusi leo yanawauzia bima.

Na kama uko mbioni kwenda Saudia, Qatar au Dubai kufanya kazi, lisemwe sasa. Mikataba mingine hutaka uarifu ukihama nchi. Mwenye fomu inayosema "mkazi wa Kisauni" akifia Riyadh ameiachia familia barua nyingi za kuandikiana.

Hatua ya 7: Vipimo, na siku za katikati

Kwa kiasi kidogo huenda usipimwe kabisa. Maelezo ya afya yanatosha. Kikiwa kikubwa, au umri umesogea, utachukuliwa damu na mkojo, presha na uzito, na wakati mwingine kipimo cha moyo. Kampuni ndiyo hulipa. Uliza kama muuguzi anaweza kuja nyumbani. Wakati wa korona wengi walianza kufanya hivyo na hawakuacha. Ukiambiwa ufunge, funga kweli, maji tu, kwa saa watakazokutajia. Ukiamka na homa au mafua, ahirisha. Kipimo kilichofanywa ukiwa mgonjwa kitakaa kwenye faili lako hata baada ya wewe kupona.

Kuomba bima hakukupi bima. Bado hujalindwa mpaka kampuni ikubali kwa maandishi na malipo ya kwanza yapokelewe, isipokuwa wakupe barua ya ulinzi wa muda. Na hali yako ikibadilika katika siku hizo za katikati, ukaugua au ukapimwa ukakutwa na ugonjwa, unatakiwa uwaarifu, hata kama fomu iliondoka mikononi mwako ikiwa safi. Watu wengi hawalijui hili.

Jibu linaweza kuja kwa sura nne. Kukubaliwa kwa bei ya kawaida. Kukubaliwa kwa nyongeza ya bei. Kuahirishwa. Kukataliwa. Wakati wa janga la tatu ndilo hutokea sana kwa aliyetoka kuugua karibuni: wanataka upitishe wiki au miezi kadhaa ukiwa mzima. Kuahirishwa si kukataliwa. Pata barua inayosema "tumeahirisha hadi tarehe fulani", kwa sababu fomu ya kampuni nyingine itakuuliza kama umewahi kukataliwa, na utahitaji kujibu sawasawa.

Ukali huu wakati mwingine hautoki kwa kampuni yako. Kampuni za bima nazo hukatiwa bima na kampuni kubwa zaidi, kinachoitwa bima mtawanyo, na hizo zikikaza kamba huko juu, wewe unaisikia huku chini. Kampuni mbili haziwi na mkaza kamba mmoja kila mara. Moja ikikuahirisha miezi sita, uliza ya pili.

Hatua ya 8: Majina ya wanufaika

Andika majina kama yalivyo kwenye kitambulisho au cheti cha kuzaliwa. "Mama Zuhura" hapewi hela na benki. Weka asilimia mbele ya kila jina, na zifike mia.

Weka pia jina la pili, la mtu atakayepokea kama wa kwanza hayupo. Siku za kawaida watu huruka sehemu hii. Janga huingia nyumbani likalaza mume na mke wiki moja.

Mtoto chini ya miaka 18 hakabidhiwi pesa. Teua mtu mzima wa kumshikia, na umwambie mwenyewe, asije akajua kwa mara ya kwanza matangani. Kwa Waislamu, zungumza na sheikh au wakili kuhusu mnufaika na mirathi kabla ya kujaza, ili kaka zako wasije wakakutana na mkeo kwa Kadhi wakibishana kama pesa ile ni yake au ni ya wote. Talaka na ndoa mpya ziingie kwenye fomu haraka kama zilivyoingia nyumbani.

Hatua ya 9: Waachie njia ya kudai

Mwaka 2020 mazishi yalikuwa ya watu 15, yakiongozwa na maafisa wa afya waliovaa mavazi meupe kichwa hadi mguu, na mara nyingi maiti ilitoka hospitalini moja kwa moja hadi kaburini. Katika haraka ile familia zilisahau karatasi. Miezi baadaye zikarudi kutafuta saini ya daktari aliyekwisha kuhamishwa.

Mtu mmoja asiyeshughulika na mazishi yenyewe awe ndiye wa karatasi. Kazi yake ni kutoka hospitalini na taarifa ya kifo, kibali cha mazishi, na muhtasari wa matibabu unaotaja sababu ya kifo. Kifo kikitokea nyumbani, aende kwa naibu wa chifu siku hiyo hiyo. Cheti cha kifo kiombwe mapema, nakala zaidi ya moja. Kampuni ijulishwe ndani ya siku chache kwa simu na barua pepe, hata kama karatasi hazijakamilika. Wengi huruhusu dai lifunguliwe na nyaraka zifuate. Pamoja na hizo watataka hati ya bima, kitambulisho cha marehemu, na kitambulisho, PIN ya kodi na akaunti ya benki ya mnufaika. Kila karatasi inayopelekwa ipigwe picha kwanza, na jina la aliyeipokea liandikwe.

Dai likikataliwa, sababu itolewe kwa maandishi, na kifungu kitajwe kwa namba. Hapo ndipo nakala ya fomu yako, ile uliyojaza na pakiti za dawa mezani, inapopata kazi. Wakishindwa kuelewana, malalamiko yapelekwe IRA. Tanzania kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Hakuna haja ya kumlipa mtu akusukumie.

Pesa za bima ambazo hazikudaiwa na mtu hatimaye hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali ya Fedha Zisizodaiwa, UFAA. Zinaweza kudaiwa huko pia, ila ni safari ndefu. Nyingi hufika huko kwa sababu moja: marehemu hakumwambia mtu. Wanaume wa huku hasa wana siri ya ajabu kuhusu bima, kana kwamba mke akijua atatia kitu kwenye chai.

Leo jioni basi, chukua bahasha ngumu. Tia hati ya bima, nakala ya fomu uliyojaza, lile jibu la maandishi kutoka kwa kampuni, na karatasi yenye namba ya bima, Paybill, na simu ya ofisi, si ya wakala pekee, kwa sababu wakala naye hufa. Piga picha zote umtumie mnufaika. Kisha mwonyeshe bahasha yenyewe ilipo. Yule mama wa mbaazi yake ameiweka chini ya godoro, upande wa ukutani, ndani ya mfuko wa unga wa ngano, na kijana wake anajua.